Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Mafunzo ya Watoto



Ndugu msomaji, kila mwenye mtoto huku kwetu, awe Temeke au Kinondoni, Mbagala au Mwananyamala, aijua desturi hii. Mtoto huamshwa alfajiri, akavikwa sare, akenda skuli na giza halijaondoka sawasawa. Jioni ikifika huchukua juzuu yake akenda chuoni, akarudi magharibi imekwisha adhiniwa. Baba naye hutoka mapema kutafuta riziki, akarejea usiku, akamkuta mtoto amelala. Basi baba huyu hujiona ametimiza wajibu wake, kwani mtoto ana mwalimu wa skuli na ana mwalimu wa chuo, na wote wawili wanalipwa. Likitokea la kutokea, mtoto akatoka hana dunia wala hana dini, huwalaumu wale wawili.

Jambo hili si jipya. Yuko mtu aliyeliona na kuliandika zamani, tena kwa lugha yetu hii, naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Wengi wamjua kwa cheo chake, kuwa alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengine wamjua kwa kuwa ni baba wa Profesa Ali Mazrui, ambaye khabari zake zilienea ulimwengu mzima. Lakini jinsi alivyolelewa, na alivyosomeshwa, na aliyowaambia wazee wa mji wake juu ya skuli na majumba yao, hayo hayajulikani sana huku kwetu, nayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Mazrui ni kabila mashuhuri, asili yao Omani. Walitawala Mombasa muda wa miaka mia hivi, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa mwaka 1837. Utawala ulipokwisha, wako katika wao walioshika silaha na wako walioshika vitabu. Nyumba aliyozaliwa Sheikh Al-Amin ilikuwa nyumba ya vitabu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, aliyepata elimu yake Makka. Hakuwa mtu wa kuficha ayajuayo, na kwa sababu ya maneno yake katika mambo ya madhehebu alifungwa Unguja zama za Sayyid Barghash. Hakutoka kifungoni ila mwaka 1888, Sayyid Barghash alipokufa na Sayyid Khalifa akashika mahali pake. Akarejea Mombasa, na huko, katika uzee wake, akaruzukiwa mtoto huyu. Mwaka 1894 akafariki, na mtoto ana umri wa miaka mitatu tu.

Mwaka uliofuata Waingereza wakatangaza himaya yao, na Mbaruk bin Rashid Mazrui akasimama kupigana nao. Vita vile vilimalizika mwaka 1896 kwa Mbaruk kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, nao wakamleta huku Dar es Salaam, na huku ndiko alikofia. Wachache katika sisi tupitao barabara za mji huu kila siku tukumbukao kuwa mtu yule aliishia hapa, mbali na Gazi yake. Basi huo ndio utoto wa Sheikh Al-Amin: baba amekwisha kufa, na wakubwa wa ukoo wake wengine wako vitani na wengine ugenini.

Lakini hakuachwa. Alichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali bin Khamis Mazrui, naye pia mwanachuoni na kadhi, akamlea na kumsomesha kama mtoto wake. Na hapa tungependa msomaji afahamu malezi hayo yalikuwa ya namna gani, kwani watu wa leo wakisikia kuwa mtu hakusoma skuli hudhani kuwa hakusoma.

Katika nyumba za wanavyuoni wa pwani, mafunzo hayakuwa na kengele. Mtoto alianza kwa ubao na wino wa masizi, akajua herufi, akapanda kwenye juzuu, akahitimu. Alipokwisha hitimu ndipo kazi ilipoanza, maana kusoma Qurani bila ya kujua maana yake kulikuwa mlango tu. Akapewa vitabu vidogo vya fikihi na vya nahau, kimoja baada ya kimoja, naye husoma kwa sauti mbele ya shekhe wake, na shekhe humsahihisha na kumfasiria. Baada ya alasiri huketi darsa msikitini pamoja na watu wazima. Usiku wageni huja barazani, kukazungumzwa mambo ya mirathi na ndoa na khitilafu za watu, na kijana humimina kahawa huku akisikiliza. Kwa hiyo yale aliyoyasoma asubuhi katika kitabu huyaona jioni yakitumika kwa watu wenye majina na nyuso. Hakuna skuli iliyoweza kumpa mtoto jambo hilo. Wala, na tuseme kweli, hakuna nyumba ya mvuvi au mchukuzi iliyoweza. Elimu ile ilikuwa ya watu wachache, waliozaliwa mahali penye vitabu na penye mtu wa kuvifasiri. Sheikh Al-Amin mwenyewe alikuja kulifahamu hilo vizuri kuliko wengine, na ndiyo sababu hakuridhika kuona elimu imefungiwa katika majumba ya jamaa zake.

Alipokuwa kijana alikuwa akisafiri Unguja kutafuta elimu, kwani zama zile Unguja ndiyo iliyokuwa bahari ya elimu katika pwani yote hii, toka Baraawa mpaka Visiwa vya Ngazija. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, na wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, mwaka 1925. Hatuna haja ya kuwasifu, kwani hata leo chuo huku Dar es Salaam kikichunguzwa silsila yake ya walimu, aghalabu huishia kwa mmoja wao.

Kitu cha pili kilichomfunza kilikuja kwa posta. Mjini Cairo palikuwa na jarida likiitwa Al-Manar, lililoanzishwa na Sayyid Rashid Rida mwaka 1898, likieneza fikira za Sheikh Muhammad Abduh. Jarida hilo lilikuwa likifika pwani, na Sheikh Al-Amin akilisoma kwa bidii. Akaona ya kuwa udhaifu wa Waislamu haukuwa Mombasa peke yake. Misri nako, penye Al-Azhar, watu walikuwa wakiulizana swali lile lile: kwa nini watu wenye kitabu kama Qurani wamekuwa nyuma ya wenziwao katika kila jambo? Na jawabu aliyoishika yeye, wala hakuiacha mpaka akafa, ni kuwa wamekuwa nyuma kwa kuacha kujifunza, si kwa kushika dini.

Sasa na tutazame mji aliokuwa akiishi. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na kwa miaka michache mji ukageuka. Bandari ikataka makarani, forodha ikataka makarani, mahakama na posta na reli zikataka watu wajuao kusoma na kuandika khati za Kizungu na kuhesabu. Kazi hizo zikachukuliwa na wageni waliotoka Bara Hindi na Goa, na na vijana wa bara waliosoma katika skuli za misheni. Wenyeji wa mji, ambao babu zao walikuwa wakiandika barua na kuweka hesabu za majahazi kabla ya Mwingereza kuijua njia ya Mombasa, wakahesabiwa kuwa hawakusoma. Khati zao za Kiarabu hazikuwa na thamani dirishani pa serikali.

Kwa nini hawakupeleka watoto skuli? Wako wasemao kuwa ni uvivu, na wako wasemao ni kiburi. Hapana shaka vyote viwili vilikuwapo, na Sheikh Al-Amin aliwakemea watu wa mji wake kwa vyote viwili bila ya kuwaonea haya. Lakini ilikuwapo na sababu ya tatu, nayo ilikuwa ya haki. Skuli nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto alifundishwa kuhesabu na kubatizwa katika chumba kimoja. Serikali ilifungua skuli ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, lakini wazazi wengi waliitazama kwa jicho la shaka, wakiuliza dini iko wapi katika masomo yake. Tena serikali ya Kenya iliwagawa watoto kwa rangi na kabila, skuli ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waarabu mbali na ya Waafrika mbali, hata watoto wa mtaa mmoja, waliosoma ubao mmoja chuoni, wakatenganishwa mlangoni pa skuli.

Huku kwetu Tanganyika mambo hayakuwa bora. Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilipopanga siasa yake ya elimu hapa Dar es Salaam, ilikubali kuzisaidia kwa fedha skuli za misheni zilizofuata sharti zake, na sheria ya mwaka 1927 ikalithibitisha jambo hilo. Chuo cha Qurani hakikuhesabiwa kuwa ni skuli, kwa hiyo hakikupata kitu. Mzazi wa Kiislamu wa Temeke ya zamani akabaki na khiari mbili zisizopendeza, na wengi walichagua ya tatu, yaani mtoto akae nyumbani. Ndiyo sababu wazee wetu walipounda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, moja katika mambo ya kwanza waliyoyashughulikia ni kujenga skuli yao wenyewe.

Basi tufahamu ya kuwa Sheikh Al-Amin alipoinua kalamu yake mwaka 1930, alikuwa akisema na pwani nzima. Mwaka huo alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili cha khati za Kiarabu. Ilikuwa karatasi ndogo tu, lakini huhesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 1932 ikafuatiwa na gazeti jingine, Al-Islah, lililokuwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho mwenye kukipata na akisome.

Mwanachuoni wa nyumba ile angeliweza kuandika kwa Kiarabu peke yake, akasifiwa na wanavyuoni wenziwe mpaka Hadhramaut. Akachagua kuandika kwa lugha ya muuza samaki. Aliona ya kuwa darsa zimejaa wazee wenye kuitikia, na anayepasa kusikia hayupo msikitini: yuko dukani, yuko bandarini, yuko barazani akicheza bao. Karatasi ya senti chache ingeweza kumfuata huko, na asiyejua kusoma husomewa.

Na aliyoyasema yalikuwa yakichoma pande zote mbili. Kwa wale waliowazuilia watoto wao skuli akawaambia kuwa elimu za hesabu, na za ardhi, na za utabibu, na lugha za watu, si mali ya Wazungu. Waislamu wa kale ndio waliozishika na kuzieneza, na kuziacha leo kwa kisingizio cha dini ni kuizulia dini. Kwa wale waliowapeleka watoto skuli na kusahau yaliyobaki, akawaambia kuwa mtoto ajuaye Kiingereza asiyejua udhu hakupanda, ameteremka. Wenye kuiga suruali ya Mzungu na kileo chake, wakaiacha bidii yake ya kazi na mpango wake wa wakati, hao aliwaona kuwa wamechukua ganda wakatupa kokwa. Juu ya misheni hakuwa na maneno mengi ya kulalamika. Alikuwa akisema, kwa maana, kwamba mwenye kumlaumu mwenziwe kwa kujenga skuli, naye hajajenga, na aone haya. Wajenge zao. Na kwa skuli za serikali, watu wadai zitiwe dini na Kiarabu, maana kodi inayoziendesha ni yao pia.

Kisha akawageukia baba mmoja mmoja ndani ya nyumba zao, na hapo, kwa maoni yangu mimi niandikaye, ndipo alipokuwa mkali zaidi. Aliona watu wakikopa kwa ajili ya arusi ya siku saba, na kwa ajili ya matanga ya kuwalisha walioshiba, na mwalimu wa chuo akilipwa kwa pishi ya mtama na kuambiwa asubiri. Akawauliza ni ipi hesabu ya mtu huyo mbele ya Mola wake. Aliona watoto wakikaririshwa maneno wasiyoyafahamu miaka na miaka. Mimi nami nimesomesha watoto huku Temeke, na nimekutana na kijana aliyehitimu Qurani mara mbili, nikamuuliza maana ya Alhamdu, akanitazama kama niliyemuuliza khabari ya mwezini. Kosa halikuwa la kijana.

Na juu ya watoto wa kike alisema lile ambalo wanaume wengi wa zama zake hawakupenda kulisikia, na ambalo wengine hata sasa hulisikia kwa sikio moja. Mwalimu wa kwanza wa kila mtoto ni mama yake. Basi mtu akimwacha binti yake bila ya elimu, kwa kudhani anamhifadhi, ameuharibu ubao ambao wajukuu wake wataandikiwa. Mama asiyejua kitu atamfundisha mtoto anachokijua, nacho ni khofu na hirizi. Alitaka wasichana wasome dini yao na waandike na wahesabu na wajue afya na mpango wa nyumba, kwa stara na heshima. Hakutaka waige wanawake wa Kizungu, na kwa hilo huenda wasomaji wa leo, wenye binti zao vyuo vikuu, wakamwona ameshika kamba fupi. Lakini kamba ile wakati ule ilikuwa imefungwa mlangoni kabisa, naye ndiye aliyeilegeza.

Hakutosheka na kukemea. Aliandika vitabu vidogo vya dini kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, kwa Kiswahili chepesi, mambo ya imani na sala na saumu, jambo ambalo leo twaliona ni la kawaida kwa kuwa madukani vimejaa. Zama zile mwanafunzi alipaswa kwanza ajue Kiarabu ndipo aijue sala yake, na wengi walikufa baina ya viwili hivyo. Tena alitengeneza khati za Kiarabu ziweze kuandika Kiswahili bila ya kutatiza, kwa kutia alama za sauti ambazo Waarabu hawana, kama vile pa na cha na va. Katika hili alishindwa na wakati. Mwaka 1930 ule ule aliouanzisha Sahifa, serikali za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili, na skuli zote zikafuata khati za Kizungu. Watoto wa watoto wa wasomaji wake leo hawawezi kusoma karatasi zake ila ziandikwe upya kwa khati nyingine.

Vile vile alianza kutafsiri Qurani kwa Kiswahili na kuifasiri. Tafsiri nzima iliyokuwapo ilikuwa ya padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, iliyochapwa mwaka 1923, na ilikuwa haya kubwa kwa wanavyuoni kuwa Mswahili akitaka kuijua Qurani kwa lugha yake aiombe kwa padri.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Watu wakafurahi, lakini Al-Islah haikudumu, na kalamu ile ya kila wiki ikatulia. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa khasara, ingawa najua wako watakaonipinga, wakisema ukadhi wake ulinufaisha wengi. Na ni kweli. Kadhi hukaa mahali panapofika kila kilichovunjika majumbani. Huja mke aliyenyimwa masurufu, huja yatima aliyedhulumiwa na ami yake, huja mume aliyetoa talaka kwa hasira na asubuhi akajuta. Yale aliyokuwa ameyaandika katika Sahifa, kuwa ujinga hauharibu sala tu bali huharibu mpaka chungu jikoni, yakawa yanaletwa mbele yake kila siku na mashahidi wawili. Aliandika pia katika mambo ya sharia ili watu wazijue haki zao kabla ya kufika kwake.

Hakupendwa na wote. Alipinga mambo mengi yaliyozoeleka, ya makaburini na ya uganga na ya kuwatukuza watu kupita mpaka, na wako waliomwona kuwa ameacha njia ya mashekhe zake wa Unguja. Jambo hilo lina maneno marefu, na khitilafu yake haijakwisha mpaka leo katika misikiti yetu, basi tutaliacha. Itoshe kusema kuwa hakuwatukana mashekhe zake, na wao hawakumkana.

Tumalize kwa nyumba yake. Mwenyewe alisomeshwa nyumbani na msikitini, wala hakuketi dawatini hata siku moja. Je, watoto wake aliwasomesha vipi? Mtu aliyeandika kama alivyoandika huwa chini ya macho ya mji mzima katika jambo hili. Mwanawe Ali alizaliwa mwaka 1933, baba akiwa tayari kadhi. Alimpeleka skuli ya serikali, pamoja na upungufu wake wote aliokuwa akiusema hadharani, na nyumbani akamlea katika dini na Kiarabu na katika kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, kama alivyolelewa yeye. Nia yake ilikuwa kijana akimaliza ende Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni. Mambo yote mawili aliyoyahubiri, skuli na nyumba, alitaka yakutane katika mtoto mmoja.

Hakuishi kuyaona. Alifariki Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1947, naye ana miaka 56, na tafsiri yake ya Qurani haijatimia. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliishughulikia kazi ile baada yake. Ali alikuwa na miaka 14. Mtoto amefiwa na baba kama baba yake alivyofiwa, ila huyu alikuwa amekwisha pata miaka kumi na minne ya kumsikiliza.

Safari ya Al-Azhar haikuwa. Kijana alifanya mtihani wa skuli wa Cambridge na hakufaulu vizuri, na mlango wa Makerere ukafungwa mbele yake. Akashika kazi ya ukarani katika chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojengwa Mombasa baada ya vita. Siku moja ya maulidi ya Mtume, yeye karani, akasimama kuhutubia, na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Hapakuwa na swali la mtihani pale, palikuwa na kijana akieleza khabari za Mtume mbele ya watu wazima, kama alivyokuwa akiwasikia wakubwa nyumbani kwao. Gavana akataka kujua ni nani, na kutokana na siku ile ikatafutwa njia ya kumpeleka Uingereza kwa masomo. Akaondoka Mombasa mwaka 1955.